Mtaa wa Mufu-Anakula

Ukitaka kumharibia Tata Gracien Mukalay siku yake, muulize anakaa wapi. Usimuulize umri wala mambo ya siasa, maana hayo atakujibu vizuri na kiti atakupa. Muulize tu anakaa wapi. Kwanza atajifanya hakusikia. Halafu atakohoa. Halafu ataanza safari ndefu ya maneno: unatoka mjini Kolwezi kwa barabara ya Kasaji, unawapita wale wanaoziba matairi, unaliacha kanisa lenye bati jekundu upande wa kushoto, ukifika kwenye mikaratusi unapunguza mwendo... Na kabla hajamaliza, mwenye pikipiki yeyote aliye karibu atamkatiza kwa furaha kubwa:

"Aa, tata, sema tu Mufu-Anakula! Nani hajue Mufu-Anakula?"

Hapo Tata Gracien hununa. Mzee mzima mwenye kifua kipana, mwenye mashine ya kusaga mahindi na wajukuu wa kutosha, ananuna kama mtoto aliyenyimwa muwa, na siku hiyo hata mke wake, Mama Kapinga, humsogezea chakula bila kusema neno.

Maana Mufu-Anakula ndilo jina la mtaa wake, na mufu mwenyewe, yaani huyo maiti aliyekula, ni yeye.

Usishangae mno. Watu wa huku hawana subira na majina ya ofisini. Ofisi inakaa mezani na ramani, inaandika Mtaa wa Umoja au Mtaa wa Maendeleo, inagonga mhuri, inafunga kabati na kwenda kula. Watu wao wanangoja kitu kitokee. Kikitokea, basi mahali pamekwisha kubatizwa. Kwenye barabara hiyohiyo ya Kasaji kuna kituo kinaitwa Kamio-Ililala, kwa sababu lori la chumvi lilipinduka pale wakati wa mvua, na majirani wa pale wakakaa muda mrefu sana bila kununua chumvi. Mbele kidogo ni Babibi-Babili. Huko mfanyabiashara mmoja aliwafungulia wake zake wawili maduka mawili yanayotazamana, akidhani amemaliza ugomvi, kumbe ameujengea uwanja. Mwisho alihama yeye. Wale wake wamebaki, na nasikia siku hizi wanasukana nywele. Ukimwambia dereva akupeleke Mtaa wa Umoja, atakuuliza uko mji gani.

Basi na Mufu-Anakula ilikuwa hivyohivyo. Ilianza kwa jambo lililotokea.

Wakati huo Gracien alikuwa bado mchimbaji. Alikuwa ametoka kwao Kabongo akiwa kijana, kama wengi, kwa sababu alisikia kwamba Kolwezi udongo wenyewe ni shaba. Hakudanganywa, ila hakuna aliyemwambia kwamba udongo huo una tabia ya kurudi chini. Alichimba upande wa Mutoshi pamoja na Barnabé, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mwembamba, mrefu, mwenye maneno mengi. Walishuka shimo moja, walikula sahani moja, na walijenga nyumba zao zikitazamana pembeni mwa mji, mahali ambapo hapakuwa na jina lolote. Watu walisema tu "kule kwenye nyasi".

Kapinga alikuwa bado bibi harusi mpya, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sururu. Jioni moja, Gracien aliporudi mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi vidole, mke wake alimsimamisha mlangoni.

"Kila siku unaniletea tu vumbi. Siku moya uniletee ata kintu ya kula!"

Neno lilimchoma Gracien. Alilala nalo usiku kucha. Alikuwa amesikia kwamba Kasaji mahindi yamejaa mwaka ule mpaka watu wanayatafutia pa kuyaweka. Basi asubuhi alifika shimoni kama kawaida, akavua koti lake la kazi, akaliweka mdomoni mwa shimo pamoja na tochi yake, akavaa shati safi alilolificha kwenye mfuko, akaenda kudandia treni ya Kasaji. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshtukiza mke wake, na tena alijua kwamba Barnabé akijua, Mutoshi nzima itajua kabla ya saa sita.

Saa sita yenyewe shimo liliporomoka.

Kwa bahati wachimbaji walikuwa wamepanda juu kula. Walitazamana, wakaitana majina, wote wapo. Wote isipokuwa Gracien, na koti lake lile pale, na tochi yake juu yake. Walichimba. Barnabé alichimba kwa koleo, na koleo lilipovunjika mpini alichimba kwa mikono, mpaka wenzake wakamvuta kwa mkanda wa suruali, kwa sababu upande wa pili nao ulikuwa umeanza kupasuka. Ndipo akaliokota koti, akalibeba juu ya mikono miwili kama anavyobebwa mtoto mgonjwa, na akatembea nalo mpaka nyumbani kwa Kapinga. Magari yalisimama kumchukua, akakataa.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Tata Kalumba, mjomba wa Gracien, mzee aliyependa mambo yaishe. Alilitazama koti, akafikiri, akakata shauri. Mtu aliyefunikwa na udongo amekwisha kuzikwa, alisema. Je, tumtoe ili tumzike tena? Koti litasimama mahali pake. Basi koti likalazwa juu ya godoro, vifungo vikafungwa vyote, tochi ikawekwa kando, na watu wakaketi chini kulia mbele yake. Turubai likatandazwa juu ya nguzo. Viti vikaazimwa kanisani. Vijana wakakata matawi wakayalaza barabarani, kama inavyofanywa huku kila mahali penye kilio, ili wenye magari wapunguze mwendo na wapita njia wajue kuna msiba. Na wanawake wakaanza kusonga bukari, ugali wa huku, kwenye sufuria kubwa, kwa sababu huku hakuna anayeachwa alie na njaa.

Na marehemu? Marehemu alikuwa ndani ya treni ya kurudi, na gunia la mahindi aliyoyanunua Kasaji, katikati ya pori, akiapa kwamba hatapanda tena treni maishani mwake. Injini ilikuwa imechoka, na ile treni ikichoka huwa haiombi ruhusa ya mtu. Mwisho Gracien alishuka na gunia lake, akangoja kando ya barabara, akabebwa na lori la unga. Alikaa juu ya magunia ya unga siku nzima, upepo unampiga. Aliposhusha mguu Kolwezi, alikuwa mweupe wote, kope na ndevu na kila kitu.

Aliona matawi barabarani. Akaona turubai, na turubai lile liko ndani ya lupangu lake, uani kwake mwenyewe. Mara akaelewa: mama mkwe amefariki. Maana Mama Kanku, mamake Kapinga, alikuwa amekuja kukaa nao, na kifua kilikuwa kikimsumbua tangu kiangazi.

Hapa lazima nimsifu Gracien, hata kama yeye hataki sifa yoyote inayotoka kwenye habari hii. Alimpenda mama mkwe wake kweli. Aliweka gunia chini, akaketi kiti cha nyuma kabisa, akashusha kofia juu ya macho na kulia. Wote walikuwa wanalia, na penye kilio watu hawachunguzani nyuso. Msichana mmoja aliyekuwa anagawa chakula akampa sahani bila kumtazama. Bukari ya moto, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Gracien hakuwa ametia kitu cha maana tumboni tangu Kasaji. Alikula, analia, analia, anakula. Na huzuni haikumzuia kuona kwamba sombe ile imekolea.

Kisha yakaja maji ya kunawa. Aliyeyaleta, na birika mkono huu na beseni mkono ule, alikuwa Mama Kanku.

Walitazamana. Gracien alimwona maiti, Mama Kanku naye alimwona maiti. Nani alipiga kelele kwanza, mpaka leo watu wanabishana. Gracien aliruka juu na tonge la bukari bado mkononi. Mama Kanku alirusha birika. Watu wakageuka, wakaona kile kitu cheupe kimesimama kinatafuna, na ule ukawa mwisho wa adabu yote. Wanakwaya wa kanisani waliingia nyumbani kupitia dirishani. Barnabé, aliyekuwa ameketi karibu kabisa na koti, aliruka ukuta wa matofali ambao hata mbuzi walikuwa wameukatia tamaa. Mtu akaipiga nguzo teke, turubai likamwangukia Gracien, sahani yake, na Tata Kalumba ambaye miguu haikumruhusu kukimbia. Humo chini Gracien alikuwa anaita, "Mama, unatoka wapi? Unatoka wapi?" na kando yake Tata Kalumba alikuwa anaungama dhambi zake zote, akianzia zile za ujana, kwa sauti ya kusikika.

Walipofunuliwa, mambo yakaelezwa. Watu walirudi mmoja mmoja, Barnabé wa mwisho. Alimshika rafiki yake masikio yote mawili kuhakikisha yana joto, akaketi chini akacheka mpaka akalia tena. Chakula cha kilio kikageuka chakula cha sherehe, wala hakuna aliyehitaji kubadili sufuria. Kapinga alilifungua gunia la mahindi, akaingiza mikono ndani, akamtazama mume wake.

"Sasa mu shimo haurudie," alisema. "Utauzisha mahindi."

Na kweli hakurudi. Mahindi ya Kasaji yakawa biashara, biashara ikazaa mashine ya kusaga, na leo nusu ya bukari inayoliwa upande ule imepita mikononi mwa Tata Gracien. Habari ingeishia hapo, mtu angeisimulia ikapendeza, kama si lile jina.

Lilitoka haraka mno. Gracien alikuwa bado anajipangusa unga masikioni, na madereva walikuwa wanaita: "Mufu-Anakula! Nani anabakia Mufu-Anakula?" Watu walianza kujenga pale kwenye nyasi, na kila aliyejenga alilichukua jina pamoja na kiwanja. Mtu mmoja alifungua duka la dawa, akaandika ukutani kwa rangi ya kijani Pharmacie Mufu-Anakula, na wateja wakajaa, maana waliona dawa zake zina ushahidi. Vijana waliunda timu ya mpira, na timu za mtaa wa Kingamyambo zikalalamika kwamba si haki kuchezeshwa na maiti. Kwaya ya Mufu-Anakula ilialikwa kuimba harusini hadi Likasi.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mwenye jina. Gracien aliona ni dhihaka tupu. Mtu amefanya kazi, amesomesha watoto, ameketi baraza la kanisa, halafu anabaki kuwa yule aliyekula kwenye kilio chake. Aliapa kumjua aliyelianzisha. Aliuliza wateja mashineni, aliuliza madereva, alimuuliza padri. Kila mmoja alilisikia kwa mwingine. Mwisho akaamua mwenyewe kwamba ni Barnabé. Nani mwingine ana ulimi kama ule? Barnabé aliapa kwa mama yake kwamba si yeye. Gracien alisema watu wa maneno mengi ndivyo wanavyoapa. Tangu hapo urafiki wa kufa na kuzikana ukawa wa kusalimiana kwa kidevu. Barnabé aliendelea kuleta mahindi yake, Gracien aliendelea kuyasaga, na kati yao ilisema mashine peke yake.

Miaka ikapita hivyo, na Gracien akazeeka. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoingia moyoni. Asubuhi moja, redio ilipokuwa inasoma matangazo ya vifo, aliweka kikombe chini akamgeukia mke wake.

"Mama Kapinga, siku mi minakufa kweli, radio itasema nini? 'Tata Gracien Mukalay alisha kufa, kilio iko ku Mufu-Anakula.' Batu batacheka! Hakuna mutu atakuya. Batasema: mungoye kwanza, ataamuka akule."

Kapinga alijiuma midomo, kwa sababu kicheko kilikuwa mlangoni. Kisha akayaona macho yake. Mzee hakuwa anatania. Aliogopa kweli. Aliyaona mazishi yake mwenyewe, viti vitupu na watu wawili watatu wakichekea kwenye viganja, na iliuma. Alitaka mara moja tu maishani aliliwe kama mtu.

Basi fikiri furaha yake, shefu wa mtaa, Tata Ngoyi, alipopita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kila mtaa utawekewa kibao cha chuma barabarani, na kwamba wakaaji wenyewe watakutana Jumapili, baada ya misa na ibada, kuchagua jina litakaloandikwa. Hii ndiyo nafasi, Gracien aliwaza, na hakuna nyingine. Jina la mdomoni mtu anaweza kupigana nalo, lakini likishachomelewa kwenye chuma, limeshinda. Wiki ile alisaga mahindi kwa tabasamu ambalo mashine yenyewe haikulizoea. Alimshika kila mteja mkono. Alichagua jina zuri, Quartier Lumière, yaani Mtaa wa Nuru, akalijaribu sauti kwa sauti akiwa peke yake: "Kilio iko ku Quartier Lumière." Liliingia vizuri redioni, hakika. Machozi yalimlengalenga.

Jumapili watu walijaa uwanja wa shule. Wanaume upande huu, wanawake upande ule kwenye viti walivyotoka navyo nyumbani. Mchoraji wa vibao alikuwapo tayari, amekaa juu ya kopo lake la rangi. Tata Ngoyi alifungua kikao, akampa Gracien neno, na Gracien alisema vizuri. Alisema mtaa una watoto, na watoto wana kesho, na kesho haiwezi kuitwa Mufu. Alitaja Lumière.

"Na courant ya umeme itakuya pamoya na jina," aliuliza mama mmoja, "ao ni jina tu?"

Walicheka, lakini walicheka kwa upole. Ukweli ni kwamba walimpenda. Hakuna nyumba pale isiyokula unga wake. Tata Ngoyi alikuna kichwa akasema walichokuwa wanafikiri wote:

"Jina ni ya Tata Gracien. Kama anakatala, siye tutafanya nini?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mikono ilikuwa karibu kuinuliwa, jambo lilikuwa limekwisha, na kama Gracien angeketi, angeshinda. Lakini mtu aliyekaribia kushinda huwa hatosheki. Akaongeza:

"Na ule mutu alianzishaka hii jina ya mubaya, eko hapa. Aombe batu pole."

Akamtazama Barnabé. Barnabé akasimama polepole, mrefu uleule, mvi zimemjaa.

"Gracien, miaka yote hii minakuambia. Hapana miye."

"Kama hapana weye, ni nani?"

"Ni miye," ilisema sauti kutoka upande wa wanawake.

Alikuwa Mama Kapinga. Hakusimama hata. Alikuwa ameshika pochi yake mapajani kama mtu anayengoja zamu kwa daktari.

"Weye?" Gracien alisema.

"Ee, miye. Uliuliza bachauffeur, uliuliza padri, uliuliza ata bale balikuwa hawayazaliwa. Miye unalala na miye mu nyumba moya, haukuniuliza ata siku moya."

Wanawake waliguna kwa pamoja, guno refu lenye maana. Sasa Kapinga alisimama.

"Nilikuwa mu chumba. Babibi banaanza kuninyoa nywele, sababu nilikuwa mujane. Nusu ya kichwa ilisha kutoka. Nasikia batu banalia, hapana kulia ya kilio, ingine. Natoka inje. Naona turubai inaanguka, lakini kabla ianguke naona bwana yangu na bukari mu mukono. Njo nilijua. Mufu hashike bukari! Nilikimbia mu barabara na ile kichwa yangu nusu-nusu, nabashika batu ku shati, ba pikipiki, ba lori, bote: 'Mufu anakula! Mukuye muone, mufu anakula!' Banafikiri nilikuwa muwazimu. Ni kweli, nilikuwa muwazimu. Sikuonaka furaha sawa ile, ata siku ya ndoa yetu. Ile haikuwa kukuchekelea, Gracien. Na mpaka leo, asubuyi, kama bale batoto ba pikipiki banaanza kuita 'Mufu-Anakula, Mufu-Anakula', miye nasikia sauti yangu. Nasikia alirudia."

Akaketi, akafungua pochi, akatafuta kitambaa.

Kisha mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni, Mianda, ambaye mume wake ni mchimbaji, alisema bila kuombwa neno:

"Bwana yangu banamuonyesha malupangu mingi ya kununua. Miye nilimuambia: tujenge kule. Tujenge fasi batu banarudiaka."

Na wanawake wengine wawili, watatu, wakasema nao hivyo, na wengine hawakusema lakini walitazama chini, na ikaonekana wazi kwamba nusu ya nyumba za mtaa ule zilijengwa kwa sababu hiyo, na Gracien hakuwahi kujua. Alikuwa ameuliza wanaume.

Alisimama pale katikati, mikono inaning'inia. Miaka yote aliposikia jina lile alisikia watu wanamcheka, kumbe mke wake alikuwa anasikia kitu kingine, kitandani palepale, dirisha lilelile. Aliona haya mbele ya Barnabé, akamwonea Kapinga huruma kwa kichwa kile nusu-nusu ambacho yeye alikuwa anakikumbuka kama aibu, na juu ya yote hayo alikuwa na furaha, furaha ya kijinga asiyojua aifanye nini.

"Tata Gracien," Tata Ngoyi alisema taratibu, "sema weye. Tuandike nini?"

Gracien alikohoa.

"Mi sina shida na jina," alisema, na watu wakamwacha na uongo huo mdogo. "Ni kwamba... siku minakufa. Batu hawatasadiki. Batacheka, halafu batabakia ku nyumba zabo. Nani atanilia?"

Hapo ndipo walipoelewa jambo lililokuwa likimsumbua mzee, na hakuna aliyecheka. Barnabé alitoka mahali pake, akaja mpaka mbele yake, karibu kabisa, kama siku ile aliyomshika masikio.

"Sikiliza, kaka. Siku utakufa, tutakuya siye bote. Tutakusongea bukari ya moto, tutaiweka hapa karibu na kichwa yako. Tutakungoya kidogo. Ukikatala kula, njo tutajua ni kweli. Na tutakulilia mpaka Kasaji basikie."

Gracien alimshika rafiki yake bega.

"Na sombe?" aliuliza.

"Na sombe."

"Iikale na samaki ndani. Mukileta ile sombe ya bule, miye siamuke."

Kisha akageuka kuwakabili watu, machozi yanamtiririka na meno yote nje, akawa wa kwanza kuinua mkono.